Mwanamume wa Kwenye Kipeperushi

Kila anayemsifia Wenceslas mbele yangu hunitazama usoni kwanza, aone kama inaniuma. Inaniuma. Hilo tumelimaliza, tuendelee.

Wenceslas ni mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Riverdale Park. Mrundi, mrefu, meno yote yapo, na ana ule upole wa kuudhi: ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mke wake yuko Bujumbura anasubiri viza, mwaka wa ngapi huu sijui. Kwa hiyo kila Jumamosi, wakati mimi niko juu ya paa la mtu nahangaika na kiyoyozi kilichokufa, yeye alikuwa na nafasi tele ya kutembea nyumba kwa nyumba na mke wangu, amembebea vipeperushi.

Mke wangu Adela anagombea kiti katika bunge la jimbo la Maryland, kule Annapolis. Anagombea kwa tiketi ya Republican, mahali ambapo ukitaja chama hicho majirani hukutazama kama uliyekanyaga kitu. Hajali. Adela ni mhafidhina wa kuzaliwa, hakujifunzia Marekani. Hataki kodi ipande, hataki serikali imchungulie jikoni, anataka mzazi ajue mtoto wake anafundishwa nini shuleni. Kwenye kila mkutano anasema familia kwanza, na kwamba baba ndiye kichwa cha nyumba. Kichwa chenyewe wakati huo kilikuwa nyumbani Temple Hills, kinapasha wali wa juzi.

Lakini nianze na kitambaa, maana bila kitambaa haya yote yasingetokea.

Mwezi wa tisa, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, kwaya ilichagua sare. Kwaya maana yake Wenceslas. Akachagua kitenge cha rangi ya chungwa chenye feni za buluu, zile feni za mezani, zimetapakaa kitambaa kizima. Wanakwaya washone, na wenzi wao washone, nyumba nzima iingie kanisani imefanana. Ndivyo tulivyo. Ukiona mwanamke na mwanamume wametoka kitenge kimoja na mtoto katikati, huulizi ni nani wa nani. Adela aliniletea kipande changu kimekunjwa vizuri, akakiweka juu ya kitanda.

"Kipeleke kwa Benadetha akupime, Baba Tania."

"Nivae kitambaa nilichochaguliwa na mwanamume mwingine?"

"Kimechaguliwa na kwaya."

"Kwaya ina meno meupe, naona."

Akacheka. Angenuna ningevaa, lakini alicheka. Nikakisukuma kile kitambaa nyuma ya masanduku kabatini, na Jumapili nikavaa koti langu la kijivu. Ni koti nililonunua siku ya kuapa uraia. Nalivaa harusini, nalivaa msibani, nalivaa popote ninapotaka ionekane kwamba nina msimamo. Adela husema akinipoteza kwenye umati hatafuti mtu, anatafuta koti.

Basi siku ya mavuno, kwa kuwa nina simu nzuri na sina sare, nikawa mpiga picha. Nikapiga kwaya nzima. Nikapiga akina mama wa sauti ya kwanza peke yao, maana hao wasipopigwa peke yao kuna maneno. Kisha Adela akasimama kwenye ngazi za kanisa na binti yetu Tania, na Wenceslas akapita nyuma yao amekumbatia kinanda.

"Mwalimu, ingia na wewe," Adela akamwita.

Akaweka kinanda chini, akaingia. Alisimama mbali kidogo, kwa heshima zake zile, na picha ikawa na pengo katikati. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Sogeeni. Sogeeni karibu. Hapo hapo. Chekeni basi." Wakacheka. Nimepiga picha nyingi maishani na hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.

Adela alizituma picha zote kwa kijana mmoja wa Virginia anayetengeneza vipeperushi, Mmarekani ambaye alikuwa anazungumza naye kwa simu tu. Kijana akaona mama, baba, mtoto, kitambaa kimoja, kanisa nyuma yao. Angeuliza nini? Akamtumia Adela nakala aikubali. Adela anaendesha nyumba ya kulelea wazee, na saa ile bibi mmoja alikuwa amegoma kula. Akasoma maneno haraka haraka, kodi sawa, shule sawa, akajibu kitakachochapwa kichapwe. Picha ilikuwa ndogo kwenye simu. Ndivyo alivyoniambia, na namwamini, na kumwamini hakukunisaidia chochote.

Kipeperushi nilikitoa mimi mwenyewe kwenye sanduku la barua. Wako pale watatu kwenye ngazi, wanameremeta. Chini imeandikwa: Adela na familia yake. Tania akakichungulia begani kwangu.

"Oh my God, Dad. They think Uncle Wenceslas is you."

Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. Akapanda chumbani kwake bila hata kuchukua chakula, na huyo ni mtoto asiyeacha chakula.

Wenceslas alikuja jioni ile ile. Alisimama mlangoni hataki kuingia.

"Papa Tania, pardon sana. Ile photo, hata mimi nimeshtuka. Kama unaona ni vizuri, nitaacha kutembea na Mama. Sema tu, nitaacha."

Nilikuwa na neno moja la kusema na lilikuwa "acha". Lakini ningelisema, angejua. Angekwenda nalo nyumbani, angelala akijua kwamba Sebastian, mume wa mgombea, fundi wa watu, anamwonea wivu mwalimu wa kwaya.

"Aa, mwalimu! Kitu kidogo hicho," nikasema. "Endeleeni tu."

Wakaendelea.

Ningevumilia, nadhani, kama si Ijumaa ile ya supamaketi. Nilikuwa nasukuma toroli nyuma ya Adela, nimevaa ovaroli la kazi, jina la kampuni kifuani. Mama mmoja mtu mzima akamsimamisha, akamshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye yule wa kwenye kadi! Mlikuja kwangu. Mwanangu, sijui kama nitakupigia kura, lakini mume wako nimempenda. Mwanaume wa kuzunguka juani na mke wake! Mtunze."

Nikangoja. Adela alikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Nilikuwa nyuma yake, mkono wangu ungefika begani kwake.

"Asante sana, mama," Adela akasema.

Yule mama akanigeukia, akaniuliza mayai yamehamishiwa wapi.

Nikamwonyesha mayai. Ningefanya nini? Lakini ndani ya gari nililipuka. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, na mengine nitayarudia: nilimwambia ametupa ndoa yetu kwa kadi ya karatasi, kwamba anawahubiria watu familia huku ya kwake ameazima kwaya. Adela alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, akanijibu tuliposimama kwenye taa.

"Kila mlango nina dakika mbili, Baba Tania. Nikianza kueleza huyu si yule, yule ni nani, kwa nini yuko pale, dakika zimekwisha na mlango umefungwa. Nimechoka. Niliona rahisi kusema asante."

"Rahisi!"

"Ndiyo, rahisi. Nimekosa. Unataka nifanye nini?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi wa wiki nzima, na yeye ananiuliza ninataka nini. Nikamwambia: Jumamosi kuna mdahalo wa wagombea Oxon Hill, ukumbi utajaa. Useme pale, mbele ya watu wote, mume wako ni nani. Usiposema, naenda kukaa kwa kaka yangu, na sitarudi hata uchaguzi ukiisha.

Sikuwa natania. Nadhani alijua. Taa ikawaka kijani na hatukuondoka hadi mtu nyuma akapiga honi.

"Nitasema," akasema. "Nitakuwekea kiti mbele. Nikikutaja, usimame."

"Nitasimama."

Sasa mtu akikubaliwa anachotaka hulainika, hata mimi. Wiki ile nilikuwa mwema mpaka Tania akaniuliza kama naumwa. Siku ya Jumatano nikaenda kabatini, nikavuta kile kitambaa nyuma ya masanduku, nikakipeleka kwa Benadetha. Benadetha hushonea sebuleni kwake na ana ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Mavuno yamepita, shemeji," akasema, ananizungushia futi ya kupimia tumboni. "Ulikuwa wapi mpaka tumbo limefika hapa?"

"Shona tu, shemeji. Na usimwambie Mama Tania."

"Unataka kumshtua?"

Ndiyo, nilitaka kumshtua. Nilishaiona yote kichwani: Adela ananitaja, mimi nasimama kiti cha mbele, kitenge changu na kitenge chake, ukumbi mzima unaona kwa macho bila kuelezwa. Wenceslas atakuwa kule nyuma, na shati lake hilo hilo, lakini nyuma.

Jumamosi saa nne asubuhi bosi akanipigia simu. Mtambo wa joto umezima katika nyumba ya wazee fulani, na Oktoba ile ilikuwa imeanza kuuma. Siwezi kuwaacha wazee kwenye baridi, hata ningekuwa nagombea mimi; nikampigia Adela, nikamweleza kwamba nitachelewa kidogo. Nilipomaliza, nilibadilisha nguo ndani ya gari la kazi, shati la feni linanukia pasi, nikaacha ovaroli na koti la kijivu kiti cha nyuma. Nilipofika Oxon Hill mdahalo ulikuwa umeshaanza, ikabidi nifungue mlango taratibu.

Adela alikuwa jukwaani na wagombea wenzake, kwenye meza ndefu, gauni lake la feni linawaka kama moto kati ya suti zile nyeusi. Kiti changu nilikiona, mstari wa kwanza, kina mkoba wake juu. Kukifikia ilikuwa nikate ukumbi mzima huku mtu anazungumzia barabara. Kwaya ilikuwa imejaza mistari miwili ya nyuma, wote sare, Wakongo, Warundi, sisi. Nafasi ilikuwa moja. Nadhani mnajua ilikuwa kando ya nani.

"Karibu, Papa Tania," Wenceslas akaninong'oneza. Akaliangalia shati langu na akatabasamu. "Imekutoka vizuri sana."

Nikakaa.

Adela aliongea vizuri. Lazima niseme hivyo. Alipouliza nani hapa ana mama mzee anayelipiwa matunzo kwa mshahara wa watu wawili, hata wasiompenda waliinua mikono. Nilikuwa najivuna, na kila nilipojivuna nilimwona Wenceslas kando yangu naye anajivuna, na raha yote ikanitoka.

Kisha akasimama mama mmoja katikati ya ukumbi, kipeperushi mkononi.

"Swali langu ni kwa huyu wa familia kwanza. Bunge likianza, mtakuwa Annapolis miezi mitatu. Mume wako huyu hapa kwenye picha, anasemaje?"

Watu wakacheka kidogo. Adela hakucheka. Alivuta kipaza sauti.

"Huyo kwenye picha si mume wangu."

Akakielekezea kile kipeperushi kidole.

"Huyo ni mwalimu wetu wa kwaya. Kitambaa ni sare ya kwaya. Mtengeneza kadi alikosea na mimi nikapitisha bila kuangalia. Halafu watu wakanisifia mume, na mimi nikasema asante, kwa sababu ilikuwa rahisi. Hilo lilikuwa kosa langu, si la mtengeneza kadi. Mume wangu anaitwa Sebastian. Picha hiyo yeye ndiye aliyeipiga. Nikitoka kugonga milango usiku nyumba ina joto, kwa sababu yeye ndiye anayetengeneza joto la nusu ya watu wa hapa. Nilimwomba aje leo asimame mumwone."

Akaangalia kiti cha mbele. Mkoba. Akaangalia mlango. Kisha akaanza kutafuta ukumbini, mstari kwa mstari, kiganja juu ya macho kwa sababu ya taa. Akafika kwetu. Macho yake yakapita kwa Wenceslas, yakapita kwangu, yakaenda kwa mtu wa pili, na wa tatu.

Alinipita.

Miaka kumi na nane, analala kando yangu, anajua ninavyokohoa. Nimevaa kitambaa alichoniwekea kitandani kwa mkono wake. Nikasema moyoni: atarudi. Simwambii. Anitafute, anione, mke amjue mume wake ndani ya kitambaa chochote. Na kweli macho yake yalianza kurudi, yakawa yanakuja.

Wenceslas akaniegemea. "Papa Tania," akasema polepole, "simama."

Basi. Kama angenyamaza ningesimama. Hilo nitaliapia popote. Lakini sasa nikisimama, ninasimama kwa kuamriwa na yeye. Atakuwa yeye aliyenionyesha kwa mke wangu, kama anavyowasimamisha wanakwaya: wewe sauti ya pili, simama. Nikatazama kisogo cha mtu aliye mbele yangu.

"Papa Tania," akarudia, na sauti yake safari hii ilikuwa ya kuniomba.

Sikusimama.

"Hayupo," Adela akasema kwenye kipaza sauti. Akatabasamu, tabasamu lile la kufunika sufuria inayochemka. "Kazi imemshika. Wazee wa watu hawawezi kukaa kwenye baridi."

Yule mama akasema "Mh," akaangalia kipeperushi tena, akakaa. Mgombea wa pembeni akaandika kitu huku anazuia kucheka. Minong'ono ikaanza, ile ya kwenda mstari hadi mstari, na vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta mwanamume wa kwenye picha.

Wenceslas akasimama.

Alisimama wima, mrefu vile, akainua mkono kama mwanafunzi. Kwa Kiingereza chake cha taratibu akasema kwamba yeye ndiye wa kwenye kadi, anaomba ukumbi msamaha kwa uso wake. Kwamba mke wake yuko Bujumbura, na akiiona hiyo kadi atamnyima chakula kwa simu. Watu wakacheka vizuri. Kisha akasema kwamba anamfahamu Bwana Sebastian, ni mtu wa kazi na wa heshima, na kila alipokwenda nyumbani kwao alikaribishwa. Wakampigia makofi. Akakaa. Hakuniangalia na hakusema kwamba nipo.

Nilikuwa nimebana magoti yangu kwa mikono. Mara ya kwanza alisimama mahali pangu kwa sababu nilimwambia asogee. Mara hii hakuambiwa na mtu, na alifanya vizuri, na nilimchukia kuliko siku zote.

Nilitoka kabla taa hazijawashwa zote. Garini nikavaa koti la kijivu juu ya lile shati, nikafunga vifungo vyote, nikaendesha hadi nyumbani.

Adela na Tania walirudi kutoka ukumbini jua halijazama. Tania akapita moja kwa moja, hata "hi" hakuna. Adela alivua viatu, akaweka mkoba mezani, akanitazama.

"Nilikuwekea kiti."

"Kazi," nikasema. "Mtambo ulizima."

"Najua. Niliwaambia." Akakaa mkabala nami. Alikuwa amechoka, na hakuwa na hasira, na nikaona naweza kupona. Nikaona hata ataomba radhi yeye. "Nilisema, Baba Tania. Kama ulivyotaka. Nilisema yote."

"Nimesikia."

Neno limetoka, halirudi. Akanitazama. Nyumba ilikuwa na joto, mimi mwenyewe niliuweka huo mtambo, na jasho lilikuwa linanitiririka shingoni.

"Umesikia kwa nani? Tumetoka sasa hivi."

Akainuka, akaja, akafungua kifungo cha juu cha koti, halafu cha pili. Feni moja ya buluu ikachungulia, halafu nyingine. Aliendelea hadi cha mwisho, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala.

"Kumbe ulikuwepo."

"Ulinitazama ukanipita."

"Nilikuwa natafuta koti," akasema. "Nilikuwa natafuta koti lako, Sebastian."

Kwa jina langu haniiti. Sikumbuki aliniita lini mara ya mwisho.

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma. Na kwaya."

"Kando ya nani?"

Niliona anarudi ukumbini kichwani mwake, mstari kwa mstari, mpaka akafika. Akaona nani alisimama na nani alikaa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Simama," akasema.

"Adela..."

"Simama nikuone."

Nikasimama. Akanitazama kuanzia kola hadi pindo, akanivuta begani mahali paliposhonwa vibaya, akaondoa uzi wa Benadetha uliobaki kwenye mfuko.

"Limekukaa vizuri," akasema.

Simu yake ikalia mezani. Nililiona jina, na yeye aliona kwamba nimeliona. Akapokea huku ananitazama.

"Ndiyo, mwalimu. Tumefika salama. Asante kwa leo. Asante sana." Akasikiliza. "Hapana, usiache. Kesho baada ya ibada, saa nane, tufidie Jumamosi ya leo. Tutaanzia barabara ya nyuma ya kwetu, halafu tushuke."

Akaiweka simu mkobani, akauchukua mkoba, akapanda ngazi kwenda kumwona mtoto. Nilibaki katikati ya sebule, shati jipya, mikono imenining'inia. Nilikuwa nimesimama, na hakuna aliyeniambia nikae.